Tiketi ya Kutoona

Mtu wa Mkomani, Mombasa, akikwambia anakwenda pwani kupumzika, una haki ya kumcheka. Pwani ndiko anakoishi. Akifungua mlango asubuhi husikia harufu ya bahari kabla ya harufu ya chai, na akitaka kukanyaga mchanga hahitaji hata nauli. Lakini mwezi wa Disemba ukifika, shule zimefungwa na kaskazi imeanza kupuliza, utaona gari zetu zinapakiwa hema, magodoro, meko ya gesi, ndoo na watoto, zinashika barabara ya Malindi kwenda kutafuta bahari ile ile, mikoko ile ile na joto lile lile, tena kwa kulipia. Mwaka uliopita tulikuwa sisi. Tulikwenda Mida, kwenye kambi ya wenyeji ukingoni mwa hori, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Shemeji yangu, mtu wa hesabu, alitukuta tukifunga mizigo akauliza, “Kwani huko mnakwenda kuona nini kisichokuwapo hapa?” Aliuliza kwa mzaha, ila swali likanikaa. Sisi watu wa gari moja na likizo fupi kila kitu tunauziwa kwa ahadi ya kuona: njoo uone ndovu, njoo uone jua likizama, njoo uone kasa akitaga. Asiyeona amepunjika. Nami nikikumbuka siku zile za Mida, yaliyonibakia zaidi ni yale tuliyonyimwa. Hilo halinisikitishi hata kidogo. Linanipa raha, na nataka nijue kwa nini.

Mpinzani wa kwanza wa safari alikuwa mama mkwe wangu, bibi wa watoto, mzaliwa wa Takaungu. Alilitazama hema likiwa bado ndani ya mfuko wake. “Kulala mchangani, na kulipa mulipe?” Babake alikuwa mvuvi, na wavuvi wa zamani walikwenda dago. Msimu ukigeuka hupakia mchele, chumvi na madema, wakahamia ufuo wa mbali wenye samaki, wakasimamisha vibanda vya makuti, wakavua na kukausha ng'onda, hata pepo zikibadilika wakarudi makwao. Yule mzee alilala mchangani nusu ya umri wake na hakuna aliyemtoza hata senti. Kwa hiyo wale wanaosema kupiga kambi ni mambo ya Wazungu hawakumsikia mama mkwe. Pwani hii imepiga kambi kabla ya hema kuletwa dukani.

Tofauti ni kwamba dago haikuhitaji kuelezwa. Mvuvi aliyelala kando ya moto wake hakujiuliza amefuata nini pale; alichokifuata kilikuwa ndani ya dema, na kama hakimo, kesho angelihamisha. Maswali ya maana huja kazi ikishaondoka. Familia iliyotoka Mkomani na meko ya gesi haina dema la kwenda kuliopoa asubuhi, na kwa kuwa haina, inajipa kazi nyingine: kutazama. Tunaamka mapema kutazama, tunatembea kutazama, na kila tulichokitazama tunakipiga picha ili jamaa watazame kwamba tumetazama. Kazi ngumu, hakuna ng'onda.

Barabara yenyewe sitaieleza sana. Anayeijua anaijua: malori ya mboga Kongowea, matatu za Bamburi zinazosimama pale zinapojisikia, Mtwapa na barabara yake inayopanuliwa miaka nenda miaka rudi. Tukiwa tumekwama Bamburi, kijana wangu mdogo alitaka tuingie Haller Park. Baba yake akakataa, eti tukiingia hapo hatufiki Mida leo. Mtoto akaomba basi asimuliwe tena habari ya Owen na Mzee, nayo akasimuliwa hadi Shanzu.

Nani pwani hii hajui habari ile? Disemba ya 2004, mtoto wa kiboko aliyekuwa amesombwa na maji ya mto Sabaki hadi baharini alionekana amekwama karibu na Malindi, peke yake, siku ya Tsunami. Watu wakahangaika naye kwa nyavu na kamba wakamuokoa. Akaletwa Bamburi, kwenye yale machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo René Haller aliyapanda mivinje tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi yakawa msitu, ndiyo Haller Park yenyewe. Owen aliposhushwa tu, alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, akajibanza pale. Wakawa hawaachani: wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanaogelea pamoja. Paula Kahumbu, aliyekuwa msimamizi wa bustani ile, alishiriki kuandika kitabu, na wawili wale wakajulikana dunia nzima.

Sisemi tulidanganywa. Kiboko alikuwa wa kweli na kobe alikuwa wa kweli, na kulala ubavu kwa ubavu walilala. Lakini urafiki? Kiboko mchanga huishi akimgusa mamake. Aliyempoteza mamake alitafuta kitu kikubwa cha mviringo chenye rangi ya kijivu, akakipata. Kobe mwenyewe mwanzoni alimfokea na kujikokota aende zake. Neno urafiki tulilileta sisi, na tulikuwa na sababu. Tsunami ile iliua zaidi ya watu 200,000, kuanzia Indonesia hadi pwani ya Somalia, na dunia ilikuwa inatafuta hata mmoja wa kumfurahikia. Sioni ubaya. Ila hadithi kama ile ina sharti lake: lazima mnyama aonekane, kila siku, saa za lango kufunguliwa. Baadaye Owen aliwekwa na kiboko mwenzake, akaishi kikiboko, na kiboko akiishi kikiboko hana cha kutusimulia.

Nilivuka daraja la Kilifi na wazo hilo kichwani. Mama mkwe naye alikuwa na lake: kabla ya daraja kufunguliwa 1991 hapo palikuwa na feri, na foleni ya feri, kwa maelezo yake, ndipo watu walipokuwa wakijuana. Tukanunua korosho. Tezo, Roka, Matsangoni zikapita. Alasiri tukafika Mida.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mtu aliyezoea ufuo wa Nyali, wenye mawimbi na farasi na ngamia wa kukodisha, akiona Mida wakati wa maji kupwa hudhani amefika mahali palipokwisha. Ni tope, linang'aa, hadi macho yanaishia kwenye mikoko ya ng'ambo. Ukichuchumaa ndipo tope linapoanza kujaa. Kaa wadogo, kila dume na gando moja linalokaribia ukubwa wa mwili wake, wanatoka mashimoni na kulipunga. Ukisogea hatua moja, wote hawapo. Ukitulia, wanarudi mmoja mmoja, na aliye karibu nawe ndiye wa mwisho. Kijana wangu alijaribu kuwavizia hadi magoti yakawa meusi. Hakushika hata mmoja.

Mbali kidogo, kwenye maji ya kifundo cha mguu, walisimama ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene. Hawa ni wala kaa. Mwongoza wageni wa pale, kijana wa kijiji, alituambia nisilolijua ingawa nimezaliwa pwani: ndege hawa hawazaliwi huku. Hutaga upande wa Ghuba na fukwe za kusini mwa Arabuni, katika mashimo wanayoyachimba mchangani, yai moja tu, kisha huja kwetu msimu wa kutaga ukipita. Wanafuata njia ya majahazi, kutoka Omani na Ghuba kushuka hadi huku, isipokuwa wao hawakuwahi kuacha. Kwa darubini yake alituonyesha mmoja wa rangi iliyofifia, amesimama nyuma ya mkubwa, akidai. Ni mtoto. Amesafiri bahari nzima kwa mabawa yake mwenyewe na bado anataka kulishwa. Baba watoto akamtazama binti yetu mkubwa, binti akatazama simu.

Nimekaa nikifikiria wale ndege kuliko nilivyomfikiria Owen. Owen tulimpa maana tukamrudishia picha yake. Wale wala kaa tungeondoka au tungebaki, maji yangejaa saa yake nao wangehamia kwenye ukingo mwingine. Ugeni wetu haukuwa tukio kwao. Na mahali ambapo mtu si tukio, hana haja ya kujipanga: sikuwa mama wa mtu, mkwe wa mtu wala mpangaji wa mtu kwa muda ule wote niliokuwa nikiwatazama wakinipa mgongo. Nadhani ndicho tunachokitafuta tunapoacha bahari ya kwetu tukafuata ya mbali. Ufuo wa Mkomani unatujua mno. Hatuwezi kufika hapo bila mtu kuuliza habari za nyumbani.

Usiku ukaleta somo la upande wa pili. Hema halina chumba. Nyumbani kwetu, fleti ndogo kama ilivyo, kila mtu ana mlango wa kufunga, hata kama ni wa choo. Ndani ya hema kila anayegeuka anawageuza wenzake. Mama mkwe hakuingia; alitandika mkeka chini ya banda la makuti la kambi, akafunga chandarua, akalala kama aliyefika kwao. Binti yetu, miaka kumi na mitano, kabla ya kulala alitoka peke yake kwenda kwenye daraja la mbao la kuning'inia linalopita kati ya mikoko. Nikanyanyuka kumfuata na tochi. Bibi yake akaniambia kutoka ndani ya chandarua, “Muache, mwanangu. Hapotei. Mtoto akikua hutaka pahali.” Nikakaa. Sikumwona kwa muda uliotosha mikoko kugeuka ukuta mweusi na maji kuanza kusikika chini yake. Aliporudi hakusema alichokuwa akikifanya, nami sikuuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akakaa karibu yangu bila kuitwa.

Asubuhi tukaenda msituni, upande wa Gede. Hapa ndipo tulipokuwa tumeahidiana na watoto: tutamwona isanje. Arabuko-Sokoke ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, mabaki makubwa ya msitu uliowahi kuifunika pwani hii, wenye mirihi, mifunda na mibambakofi. Una bundi mdogo wa Sokoke, una kwera wasiotaga penginepo ila pande hizi, una ndovu. Lakini isanje wa hapa ndiye bwana harusi wake. Ni mnyama wa nusu kilo tu, ana pua ndefu inayopekua majani, miguu myembamba na kiuno cha rangi ya dhahabu. Karibu wote waliobaki duniani wamo katika msitu huu na vichaka vichache vya jirani, pamoja na miti iliyomea ndani ya magofu ya Gede, mji ule wa mawe uliohamwa karne ya 17 na ambao UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024.

Mwongozaji alitusimulia tabia zake tukitembea, na ilikuwa vigumu kutocheka. Isanje huoa mke mmoja, na ndoa yao hudumu hadi mmoja afe. Wanaishi eneo moja, wanalilinda pamoja dhidi ya majirani, na karibu kila saa ya siku kila mmoja yuko upande wake. Hawalali kitanda kimoja. Kila mmoja hujitengenezea malazi ya majani makavu chini ya miti, na hana moja tu: analo hapa, analo kule, hubadilisha asijulikane atalala wapi. Hujenga alfajiri, umande ukiwa bado umelainisha majani, ili yasipige kelele. Na adui akimkaribia, hupiga mkia chini, majani yakalia: nimekuona. Mwenye nia ya kuvizia akisikia hivyo ajue kuvizia kumekwisha. Baba watoto alisema huyu ndiye mume aliyepata jibu la ndoa. Mama mkwe akamwambia akalale juu ya majani basi.

Tulitembea hadi jua likapanda. Hatukumwona. Tulisikia kitu kikikatiza majani mara moja, upande wa kushoto, kisha kimya. Mwongozaji akatusimamisha mbele ya rundo la majani ambalo mimi ningelipita mara mia: pana kama sinia, limeinuka kidogo katikati. Malazi. Mtoto akaokota kijiti ili alifunue, akazuiwa kwa mkono, taratibu. “Labda yumo,” mwongozaji akasema. “Labda hayumo. Ukilifunua, hatalilalia tena.” Mtoto akatupa kijiti, akatia mikono mfukoni. Kisha akalia kilio cha mteja: “Lakini tumelipa!”

Tumelipa kweli. Tumelipa kwa simu kabla hata ya kuvuka lango, na ujumbe wa kuthibitisha ulikuwa bado uko juu. Sikumkemea, kwa sababu hoja yake ndiyo hoja ya sote. Kwenye sinema ukilipa picha inawaka. Kwenye mkahawa ukilipa sahani inakuja. Hapa umelipa na kilicholipiwa kimejificha, tena kwa ustadi, tena kuna mlinzi wa serikali anayehakikisha kitaendelea kujificha. Duka gani hili?

Jibu langu ni kwamba tumekosea kuliita duka. Na ajabu ni kwamba mtu wa Mkomani hapaswi kufundishwa hili, kwa kuwa anaishi mlangoni mwa kimbilio. Kila siku tunapita Kengeleni, pale penye mnara wa kengele, tukiwa na haraka ya kuwahi daraja la Nyali. Kengele ile ni ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Iligongwa kuwaonya kwamba wawindaji wa watu wanakuja. Waliokuwa wakikimbilia ndani wakisikia mlio ule walihitaji kitu kimoja tu kutoka kwa dunia: wasionekane. Wengine hawakungoja kukombolewa. Walitoroka mashamba ya Malindi na Takaungu wakajijengea vijiji ndani ya misitu ya bara, Fuladoyo kikiwa maarufu kati yake, na vijiji hivyo viliishi kadiri vilivyoweza kufichika. Mama mkwe hakupenda nilipoanza habari hii barabarani. Kwao Takaungu haisemwi mezani. Sikumlazimisha, lakini kwenye karatasi nitaisema: misitu ya pwani hii ilificha watu kabla haijapewa jina la kuhifadhi wanyama.

Na kabla ya watoro kulikuwa na makaya. Wamijikenda husimulia kwamba babu zao walishuka kutoka Singwaya wakikimbia maadui, wakajenga ndani ya misitu ya vilimani, mji katikati na miti kuuzunguka, njia nyembamba zinazojulikana na wenyewe. Ndani ya kaya kulizikwa fingo, hirizi ya kuilinda, na fingo hilo hakuna anayelitazama. Halipigwi picha, hapana kioo cha kulionyesha, wazee wenyewe hawalifukui kuhakikisha lipo. Lipo, basi. Kwa sababu yake hapakukatwa mti, hapakuingiwa ovyo, na msitu ukabaki umesimama hata majirani wote walipogeuka mashamba na machimbo ya mchanga. UNESCO iliyaandikisha makaya hayo mwaka 2008. Ukilifikiria sana, ni ajabu: kitu kisichoonekana kimelinda hekta za miti inayoonekana, wakati vitu tulivyoviweka wazi ili vipendwe vimechakaa kwa kupendwa.

Hifadhi, kwa hiyo, ni haki ya kutoonekana. Hilo ndilo nililotoka nalo Arabuko-Sokoke. Ukiondoa haki hiyo unabaki na bustani ya maonyesho, ambayo ina faida zake, watoto wangu wamekulia Haller Park na sijuti, lakini ni jambo lingine. Isanje aliyejificha alikuwa anatimiza kazi nzima ya msitu ule. Angetoka akasimama mbele yetu kila tulipolipa, ningeanza kuwa na wasiwasi naye. Na nadhani ndiyo sababu nilimfikiria binti yangu pale mbele ya rundo la majani. Naye ni mnyama wa pwani aliyezungukwa na watu wanaotaka kumwona: mama, mwalimu, shangazi, na wale wasiojulikana waliomo ndani ya simu.

Ningeweza kuishia hapo na kujipongeza, kama nisingekutana na mzee wa kuni. Alikuja jioni kambini na baiskeli yake, mzee wa Kigiriama ambaye shamba lake limepakana na msitu. Nikamwambia, kwa furaha yangu ya kimji, kwamba tumezunguka msitu mzima hatukuona hata ndovu. Akashusha kuni kwanza. “Nyinyi mwalipa na hammuoni,” akasema. “Nami simuoni. Ila kwangu yeye ndiye anayelipwa, kwa mahindi.” Uzio wa umeme umepunguza sana taabu hiyo, alikiri, lakini uzio hukatika, na ndovu hajui kusubiri fundi. Huingia usiku. Asubuhi kuna nyayo, kuna mabua yaliyolala, na mwenyewe hayupo.

Falsafa yangu ya kutoonekana ilipungua uzito pale pale. Kumsifu mnyama aliyejificha ni rahisi kwa anayeondoka kesho. Kwa anayebaki, asiyeonekana anaweza kuwa mwizi. Si ajabu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi wa msitu ule walitaka sehemu yake ikatwe wagawiwe mashamba. Mtu hawezi kuupenda ukuta unakotoka njaa. Mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, uliingia hapo na wazo la kushangaza: wakulima wafuge vipepeo wa msituni, wauze mabuu yakiwa bado yamejifunga, yasafirishwe kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Bidhaa inauzwa kabla haijaonekana! Na ili upate kipepeo lazima mti wake uwepo. Kwenye daraja la mbao la Mida nako, sehemu ya kiingilio huenda kwenye karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyouzunguka msitu, kwa mpango unaoendeshwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Nilimuuliza mzee kama amepata. Mjukuu wake mmoja, ndiyo. Karo haikumrudishia gunia la mahindi, akaongeza, na mimi sikupata la kuongeza juu ya hapo.

Lakini ile tiketi ikabadilika mkononi mwangu. Haikuwa bei ya isanje. Isanje hana bei, hajui kama analipiwa. Ilikuwa mchango wetu mdogo, mdogo mno, kwa watu wanaobeba gharama ya kuishi ubavuni mwa viumbe wasiotaka kuonekana. Tuliporudi Mkomani nilimweleza shemeji hivyo, kwa fahari kidogo. Akasikiliza hadi mwisho, akamega hamri.

“Kwa hivyo mlilipa ili msione.”

“Ndiyo.”

“Basi mngetuma pesa kwa simu, mkakaa zenu nyumbani.”

Ni hoja, na kwa upande wa pesa sina la kumpinga. Pengine mzee wa kuni angepata zaidi tusingechoma petroli hadi Mida. Kwa upande wa mtoto ninalo. Isanje kwenye simu anamwona kila akitaka, kiuno na pua na mkia, hata akimsimamisha katikati ya kuruka. Huko hakuna cha kuacha, kila kitu kimeshafunuliwa na mtu mwingine. Pale msituni alikuwa na kijiti kando yake, rundo la majani miguuni, watu wazima wachache, na nafasi nzuri kabisa ya kulifunua wakati mwongozaji amegeuza shingo. Mwongozaji aligeuza shingo. Nilimwona mtoto akiliangalia lile rundo, na mikono haikutoka mfukoni.